Kuchagua na kutumia kishoka cha mkono

Kwa kuchanja kuni nyembamba, kupogoa matawi na kuchonga vigingi, tafuta kishoka chenye kichwa cha gramu 500 hadi 700 na mpini wa sentimita 30 hadi 40. Kikiwa chepesi zaidi, utakuwa unatumia nguvu pale ambapo uzito ungefanya kazi. Kikizidi hapo, mkono mmoja huchoka upesi, na mkono uliochoka ndio unaokosa shabaha.

Anza kukagua mpini. Utazame kitakoni: nyuzi za mti zielekee sambamba na makali. Zikikatiza kutoka ubavu hadi ubavu, mpini utavunjika siku utakapopiga fundo. Vanishi nene huficha kasoro hizo na huteleza mkono ukitoka jasho, kwa hiyo afadhali mpini uliopakwa mafuta ya kitani tu. Kisha funga jicho moja, tazama kutoka kitakoni kuelekea kichwani: makali na mpini viwe mstari mmoja.

Kishoka kipya mara nyingi huuzwa kikiwa butu, nacho kishoka butu huteleza juu ya mti badala ya kuuma. Kibane vizuri, vaa glavu, upige tupa kwa mwendo wa upande mmoja, ukiirudisha, iinue. Pembe ya makali, pande zote mbili kwa jumla, iwe nyuzi 25 hadi 30. Endelea mpaka kidole kisikie ukingo mwembamba wa chuma uliojikunja upande wa pili, kisha geuza. Malizia kwa jiwe la kunolea. Mashine ya kunolea inayozunguka kasi bila maji ni hatari kwa chuma: makali yakigeuka rangi ya buluu, ugumu umekwisha, na sehemu hiyo haitashika ukali tena mpaka iondolewe yote.

Sasa kazi yenyewe. Mpini mfupi una hatari yake. Shoka refu likikosa gogo huishia ardhini, lakini fupi huendelea na mzunguko hadi kwenye goti au ugoko. Ndiyo maana unapochanja kuni piga magoti, na gogo la kukatia liwe mbele yako: ukikosa, makali yatagonga gogo au udongo. Usishike kuni kwa vidole huku ukiilenga. Weka makali juu ya kuni, inua vyote viwili pamoja, uvigonge kwenye gogo mpaka makali yaume. Hapo achia kuni, ugonge tena. Kishoka kikikwama, sukuma mpini juu na chini, usiupinde kando.

Ukikata tawi la mti ulioanguka, simama upande wa pili wa shina, shina likukinge miguu, ukate kutoka upande wa mzizi kuelekea kileleni. Piga kwa mshazari wa takriban nyuzi 45, kulia na kushoto kwa zamu, ili vipande viruke. Pigo la wima hukwama tu.

Usipige msumari wala kabari ya chuma kwa kisogo cha kishoka, maana tundu hupanuka na kichwa hulegea. Kikilegea, wengi hukiloweka majini. Mti huvimba, nyuzi zake hujiponda kwenye chuma, na ukikauka kichwa hulegea kuliko mwanzo. Dawa ni kushika mpini, kichwa kikiwa chini, kikining'inia hewani, na kugonga kitako cha mpini kwa nyundo ya mti mpaka kichwa kiupande mpini na kukaza, kisha uongeze kabari.