Kuunganisha utafiti wa nasaba na ndugu wa mbali bila kuharibu mti wako

Vilembwe wawili wa babu mmoja wamekuwa wakiandika nasaba, kila mtu kwao. Wakishafahamiana mtandaoni, hupeana mafaili siku hiyohiyo na kubofya "unganisha". Baada ya hapo mti una mama aliyezaa akiwa na miaka saba na babu aliyefariki mara mbili, na hakuna anayekumbuka taarifa ipi ilitoka kwa nani. Mwongozo huu unafuata mpangilio unaoepusha hayo. Hatua ya nne ndiyo inayokula muda, kwa hiyo ndiyo ndefu.

Kuhusu programu: Gramps. Ni ya bure, inafanya kazi kwenye Linux, Windows na Mac, na data inabaki kwenye kompyuta yako. FamilySearch ni ya bure pia na ni hazina kubwa ya kumbukumbu zilizopigwa picha, lakini mti wake ni mmoja kwa watumiaji wote, na mtu mwingine anaweza kubadilisha ulichoandika. Katafute huko, ila utafiti wako usikae huko peke yake.

Hatua ya 1: Mpe kila mtu namba ya kudumu

Kabla hujamtumia mtu chochote, kila aliyemo kwenye mti wako awe na namba isiyobadilika: herufi mbili zinazokutambulisha wewe mtafiti, kisha namba ya mfululizo, mfano KA-0147. Namba hiyo haielezi lolote kuhusu mtu, na ndiyo sababu haitalazimika kubadilika.

Wengi hupenda mfumo wa Ahnentafel: wewe ni 1, baba yako 2, mama yako 3, baba wa yeyote ni namba yake mara mbili, na mama ni hiyo ongeza moja. Ni mzuri kwa kuchapa chati ya wahenga wa mtu mmoja. Kwa kubadilishana utafiti haufai, maana mashangazi na wajomba hawana namba kabisa, na ndugu yako wa mbali anashuka kwa mmoja wao. Mfumo wa d'Aboville unashuka kutoka kwa babu mkuu (1.3.2 ni mtoto wa pili wa mtoto wa tatu) na unawachukua wote. Lakini ikigundulika kwamba kulikuwa na mtoto aliyefariki mchanga kabla ya yule wa tatu, wa tatu anakuwa wa nne, na uzao wake wote unabadilika namba. Hesabu hizo iachie programu izipange wakati wa kuchapa.

Kwenye faili la GEDCOM, yaani muundo ambao programu za nasaba hutumia kupeana data, namba yako ya kudumu inakaa kwenye lebo ya REFN. Kwenye Gramps iandike kama sifa ya mtu yenye jina REFN, kisha hamisha (export) faili la majaribio ulifungue uone kama imetoka.

Hatua ya 2: Kila taarifa na chanzo chake

Chanzo si hati tu, hata bibi aliyesimulia ni chanzo. Andika nani alisema, lini, na yeye alijuaje. Aliyekuwepo mazishini na aliyesimuliwa habari za mazishi hawana uzito mmoja. Ukihoji, usiulize "huyu ni nani kwako?", kwa sababu baba mdogo pia ataitwa baba. Uliza "alizaliwa na nani, na mama yake ni nani?"

Tarehe ziandike mwezi kwa neno. 03/04/1921 ni Aprili kwa huyu na ni Machi kwa yule, na programu haitakuuliza. Tarehe ya kukisia iandikwe kama ya kukisia: "karibu 1921" au "kati ya 1918 na 1922". Hati ikitumia kalenda ya Hijria, nakili kama ilivyo kwanza, ndipo ubadilishe. Mwaka mmoja wa Hijria huwa unaangukia miaka miwili ya kawaida: 1380 ulianza Juni 1960 ukaisha Juni 1961. Tena ni mfupi kwa takriban siku 11, kwa hiyo umri wa miaka 66 kwa Hijria ni karibu 64 kwa kalenda ya kawaida.

Hatua ya 3: Ondoa walio hai

Programu nyingi zina chaguo la kuwaficha walio hai wakati wa kuhamisha. Litumie, kisha usiliamini. Kwa kawaida linapima kwa tarehe: asiye na tarehe ya kifo, na ambaye kuzaliwa kwake hakujapita miaka mia na ushee, huhesabiwa hai. Kinachovuja ni maelezo ya ziada. Kwenye maelezo ya marehemu babu umeandika "habari hizi nilipewa na mjukuu wake fulani, anaishi mahali fulani, simu namba hii". Kichujio hakisomi maandishi hayo. Fungua faili lililohamishwa kama maandishi matupu, tafuta majina ya wajukuu walio hai na tarakimu za mwanzo za namba za simu.

Hatua ya 4: Kuingiza faili la ndugu yako

Fanya nakala ya akiba ya mti wako. Kwenye Gramps chagua aina ya .gpkg, ambayo hubeba na picha; .gramps haibebi.

Faili ulilopokea usilifungue kwanza kwa programu ya nasaba. Lifungue kwa Notepad au programu nyingine ya maandishi matupu, utazame kichwa chake:

0 HEAD
1 GEDC
2 VERS 5.5.1
1 CHAR UTF-8

Toleo la 5.5.1 lilianza kama rasimu mwaka 1999 na bado ndilo utakalokutana nalo zaidi. Toleo la 7.0, la mwaka 2021, hutumia UTF-8 (namna ya kuhifadhi herufi) siku zote, kwa hiyo mstari wa CHAR haumo. Ukiona CHAR inasema ANSI au ANSEL, mwombe mwenzio ahamishe upya kwa UTF-8. Usijaribu kurekebisha mwenyewe, maana majina yenye alama juu ya herufi yatageuka takataka, na hutajua yalikuwaje. Hesabu pia mistari inayoishia na INDI. Kila mmoja ni mtu mmoja. Alikuambia ana watu 800 na hapo wako 412? Alihamisha tawi moja bila kujua. Ukimaliza kutazama, funga bila kuhifadhi.

Sasa tengeneza mti mpya, mtupu, na uingize faili humo. Usiliingize kwenye mti wako. Watu mia nne wakishachanganyika na wako, kuwatoa mmoja mmoja ni kazi ya wiki, na namna pekee ya kurudi nyuma kwa uhakika ni ile nakala ya akiba.

Wakati wa kuingiza, Gramps hutoa ripoti ya mistari ambayo haikuielewa. Isome yote. Mara nyingi ni lebo zinazoanza na mstari wa chini, kama _MILT, ambazo kila programu hujitungia, na ndani yake mna habari za kweli. Angalia na maelezo marefu: toleo la 5.5.1 huyakata vipande kwa lebo ya CONC, na programu nyingine hupoteza nafasi pale panapokatwa, ndipo unakuta "alihamiakijijini" au neno limegawanyika katikati. Picha nazo hazimo kwenye faili la kawaida. Kilichomo ni njia ya kwenda kwenye folda ya kompyuta ya mwenzio. Mwombe folda hiyo ikiwa imebanwa kwa zip. Toleo la 7.0 lina kifurushi cha .gdz kinachobeba vyote, kama programu zenu zote mbili zinakijua.

Kisha kuna mtego unaokula siku nzima. Kila mtu kwenye faili ana alama kama @I27@, na inashawishi kuandika kwenye daftari "@I27@ wake ni KA-0147 wangu". Alama hizo ni za ndani ya faili hilo moja tu. Akiongeza watu na kuhamisha tena, programu yake inaweza kuzipanga upya, na @I27@ ya leo ikawa mtu mwingine kabisa. Jedwali lako la ulinganisho litakuwa la uongo bila dalili yoyote. Linganisha kwa REFN tu. Kama mwenzio hana REFN, mrudishie faili, mpe hatua ya 1, na msubiri. Kusubiri huko kunaudhi, lakini ni kufupi kuliko kulinganisha watu wote upya kila akituma toleo jipya.

Tengeneza jedwali la safu nne: namba yangu, namba yake, kinachofanana, kinachopingana. Anza na wale mume na mke ambao nyote mnashuka kwao, si na jina la zamani kuliko yote. Huko juu kosa halionekani, kwa sababu hakuna tarehe za kulipinga, na jina moja lililofanana linaunganisha koo mbili zisizohusiana. Thibitisha kizazi hicho, kisha panda kimoja kimoja.

Jina pekee si ushahidi. Mjukuu hupewa jina la babu, na mtoto akifariki mchanga anayefuata huweza kupewa jina lilelile, kwa hiyo wawili wenye jina moja na wazazi walewale wanaweza kuwa watu wawili. Mimi hudai mambo matatu kati ya haya, nje ya jina: mzazi, mwenzi, mahali, tarehe au orodha ya watoto. Yakiwa mawili, mstari unabaki kwenye jedwali na watu wanabaki wawili.

Walioafikiwa pekee ndio wanaoingia kwenye mti mkuu, familia moja baada ya nyingine. Utaratibu: unganisha baba na baba, mama na mama, kisha familia, mwisho watoto. Ukianza na watoto, kila mmoja atabaki na jozi mbili za wazazi, na chati itachora kama vile mama alizaa mara mbili. Tarehe zikipingana usifute hata moja. Ile yenye ushahidi mzito iwe kuu, nyingine ibaki kama tukio mbadala na chanzo chake. Namba yake ya REFN ibaki pembeni ya yako, mtaihitaji mara ijayo.

Baada ya kila familia, endesha chombo cha kukagua data na utafute haya: mama chini ya miaka 13 au zaidi ya 50 wakati wa kuzaa, mtoto aliyezaliwa baada ya kifo cha mama, au zaidi ya miezi tisa baada ya kifo cha baba, ndugu wa tumbo moja waliopishana chini ya miezi tisa na si pacha, na mtu aliyegeuka kuwa mhenga wake mwenyewe. Hilo la mwisho hutokea mjukuu akiunganishwa na babu wa jina lake, na programu nyingine huganda kabisa zikijaribu kuchora chati.

Hatua ya 5: Vinasaba, kama mmekwama

Kipimo cha DNA kinajibu "je, sisi ni ndugu, na kwa ukaribu gani?" Hakisemi jina la babu. Watoto wa ndugu wawili hushiriki wastani wa asilimia 12.5 ya DNA, wajukuu wao asilimia 3.125, vitukuu chini kidogo ya asilimia 0.8. Kwa hao vitukuu, takriban jozi moja kati ya kumi hazionyeshi DNA yoyote inayofanana ingawa ni ndugu wa kweli. Wakishuka kizazi kingine ni karibu nusu. Kwa hiyo kipimo kisichoonyesha kitu kati ya ndugu wa mbali hakikanushi nasaba. Wapimeni wazee kwanza, maana kila kizazi kinapoteza nusu. Na koo zilizooana kwa vizazi vingi hutoa asilimia kubwa kuliko uhusiano halisi, hivyo msizisome kwa jedwali la kawaida. Kila anayepimwa akubali mwenyewe, akijua kwamba majibu yanaweza kuonyesha baba tofauti na anayemjua.

Hatua ya 6: Baadaye tumianeni mabadiliko tu

Mkishaunganisha mara moja, msipeane tena faili zima. Mmoja atunze mti mkuu. Wengine watume orodha: namba ya mtu, taarifa ya sasa, taarifa mpya, chanzo, aliyeleta. Mistari kumi ya namna hiyo hukaguliwa jioni moja.

Hati zipigwe skani kwa dpi 300, picha ndogo za zamani kwa 600, na faili liitwe kwa namba: KA-0147_1932_hati-ya-ndoa.jpg. Kwenye WhatsApp zitume kama dokumenti, si kama picha, vinginevyo zitabanwa na mwandiko wa pembezoni utapotea.

Mkibishana na hakuna hati ya kuamua, usimlazimishe mtunza mti achague. Uhusiano unaobishaniwa usichorwe. Andika hoja zote mbili kwenye maelezo ya yule ambaye wazazi wake wanabishaniwa, kila hoja na jina la aliyeileta na mwaka, na acha nafasi ya wazazi wazi.