Kabla ya kutuma dodoso la maisha ya masomo: hesabu ya waliojibu huanza mapema

Unawauliza wanafunzi wangapi? Swali linaonekana jepesi mpaka ufike ofisi ya usajili. Daftari linaweza kuonyesha wanafunzi 4,000, kumbe humo wamo walioahirisha masomo, waliohama na walioondoka bila kuaga. Tuseme hao ni 400. Wakijibu 1,200, ukigawanya kwa 4,000 unapata asilimia 30, kwa 3,600 asilimia 33, na majibu ni yale yale. Omba orodha ya walio masomoni kweli, iandike tarehe, kisha usiiguse tena. Kupunguza majina katikati ya zoezi ili asilimia ipande ni udanganyifu. Amua pia mapema kama aliyeishia swali la tano anahesabika amejibu.

Orodha hiyo ibebe idara, mwaka wa masomo, jinsia, na kama mwanafunzi anakaa hosteli au amepanga mtaani. Hapa ndipo wengi wetu tunapojinyima, maana asilimia moja ya chuo kizima inaficha mengi. Chuo kikiwa na asilimia 40, huenda ualimu mwaka wa kwanza wamefika 60 na uhandisi mwaka wa tatu wako 9. Ukiandika kwamba wanafunzi wameridhika na muda wa maktaba, yule anayetoka darasani saa kumi na moja jioni kuwahi daladala pengine hayumo kabisa katika sentensi hiyo. Kwa hiyo andaa jedwali la makundi kabla dodoso halijatoka, na mteue mtu mmoja wa kulisoma kila asubuhi.

Weka na kizingiti, yaani idadi ya majibu ambayo isipofikiwa matokeo hayatangazwi. Uingereza wana dodoso la kitaifa la wanafunzi wa mwaka wa mwisho, NSS, lililoanza 2005. Matokeo ya kozi hayakuwa yakichapishwa mpaka wajibu angalau wanafunzi 10 na wafike nusu ya walengwa. Mwaka 2017 vyama vya wanafunzi viligomea dodoso hilo kwa sababu lilihusishwa na upandishaji wa ada, na vyuo kadhaa, Oxford na Cambridge vikiwemo, vikakosa matokeo. Kizingiti kilichotangazwa mapema humzuia mkubwa yeyote kuyachapisha majibu machache yanayompendeza.

Kuhusu linki: ukitupa moja tu kwenye magrupu ya WhatsApp, utapata majibu, ila hutajua nani kajibu mara mbili wala kundi gani limenyamaza. Afadhali kila mwanafunzi apate linki yake. Hapo faili la nani amejibu litengwe na faili la alichojibu, na mkuu wa idara asilione hata moja. Mwanafunzi anayehofia kwamba mhadhiri wake atajua hatajibu, na ana haki hiyo. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Isome kabla hujaomba barua pepe za watu. Na kundi lenye majibu chini ya 10 usilitangaze peke yake, watu watajulikana.

Kalenda iangalie vizuri. Wiki ya UE, yaani mitihani ya mwisho wa muhula, usitume, wala siku ambazo bumu, fedha za mkopo wa wanafunzi, limechelewa na chuo kizima kinazungumza hilo tu. Walio kwenye mafunzo kwa vitendo wapangie muda wao. Lijaribu dodoso kwenye simu ya bei ndogo yenye bando dogo: picha ya nembo ikichukua nusu dakika kufunguka, iondoe.

Vikumbusho viwili au vitatu vinatosha, viende kwa ambao hawajajibu tu. Idara iliyolala, mtafute CR wake, mwakilishi wa darasa, uzungumze naye ana kwa ana, lakini asipewe majina ya waliokaa kimya.

Siku ya kufunga, nakili faili lenye tarehe na saa. Majibu ya baada ya hapo hayaingii. Katika ripoti andika namba zote mbili, 1,200 kati ya 3,600, ndipo ufuatishe asilimia, na jedwali la makundi liwe ukurasa huo huo.