Somo la paka: analia usiku kucha, ufanye nini?

Jambo wapendwa. Hapa kwetu Goma maswali ya paka wanaolia yamepita hata yale ya kuku, na nyumba zetu za mbao hazifichi kelele: paka wako akilia, avenyu nzima iko macho. Basi twende taratibu.

Kabla ya hatua, mjue jambo moja. Paka wakubwa hawasemezani kwa "nyau". Kitoto humlilia mama yake. Akishakua, na wenzake anaongea kwa harufu, mkia na masikio, au kwa ile mikelele ya kupigana na kutafutana. Nyau anaibakiza kwa ajili ya binadamu. Anakuomba kitu, na mara nyingi saa anayolia ndiyo inayokitaja.

Hatua ya 1: andika. Kwa wiki nzima weka kwenye simu: amelia saa ngapi, alisimama wapi, na wewe ulifanya nini mara tu baada ya hapo. Hilo la tatu watu hulikwepa, nalo ndilo lenye majibu mengi.

Hatua ya 2: ondoa shaka ya ugonjwa. Dume anayerudi-rudi kwenye mchanga wake, anachuchumaa, analia, mkojo hautoki au unatoka matone tu, huenda njia ya mkojo imeziba. Huyo apelekwe kwa veterineri leo, hata kama ni Jumapili. Siku moja au mbili zinatosha kumuua. Paka wa miaka 10 na zaidi akianza kulia usiku ilhali hakuwa na tabia hiyo, apimwe: yaweza kuwa tezi ya shingo, shinikizo la damu, figo, au uziwi. Na msimpe parasetamoli, tafadhali. Kwa paka ni sumu, hata kidonge kimoja.

Hatua ya 3: kama ni jike, hesabu miezi yake. Kuanzia miezi 4 hadi 6 anaweza kuingia kwenye joto, yaani kutaka dume, mwili ukiwa bado wa kitoto. Analia kwa sauti ndefu ya kuvuta, anagaagaa chini. Ukimgusa mgongo karibu na mkia anainua makalio, anasogeza mkia pembeni na kukanyaga-kanyaga kwa miguu ya nyuma. Wengi huniandikia kwamba amevunjika kiuno. Hajavunjika.

Joto huchukua kama wiki moja, na asipopata dume linarudi baada ya wiki mbili au tatu. Ulaya majike wengi hupumzika miezi ya baridi, kwa sababu mwili wao hufuata urefu wa mchana. Sisi tuko chini kidogo tu ya ikweta, hata digrii 2 hazifiki, na mchana wetu ni wa saa 12 hivi toka Januari hadi Desemba. Kwa hiyo usingoje msimu upite, kwetu msimu hakuna. Dawa ni kumfunga uzazi kwa operesheni, na miezi 5 inatosha. Ati lazima azae kwanza mara moja? Hayo ni maneno ya watu.

Hatua ya 4: kelele za alfajiri. Paka ni mnyama wa machweo na mapambazuko. Saa kumi na moja asubuhi kwake ni saa ya kazi. Usiku kabla hamjalala, mchezeshe kwa kamba yenye unyoya wa kuku mpaka achoke, kisha umpe chakula kikubwa cha siku. Baada ya kuwinda na kula, paka hujilamba akalala. Asubuhi usianze na sahani yake. Washa makala ya jiko, oga, fagia, ndipo umpe, asije akaona kuamka kwako na chakula ni kitu kimoja.

Akilia, usiinuke, usimwite, usimtukane. Hata matusi kwake ni mazungumzo. Maji ya kumwagia nayo yanaleta woga tu. Ila mjiandae: siku za mwanzo atazidisha. Ukishindwa usiku wa tatu ukampa sambaza, vile visamaki vya ziwani, umemfundisha kwamba sambaza inapatikana kwa kulia siku tatu.

Na chakula chenyewe ni kipi? Hapa ndipo ninapogombana na watu. Paka wa bugali na mchuzi ana tumbo lililojaa na bado ana njaa, maana mwili wake unadai nyama au samaki. Halafu mchuzi una vitunguu, na vitunguu vinaharibu damu yake. Sambaza wabichi kila siku pia sivyo. Wachemshe bila chumvi, uchanganye na bugali kidogo, sambaza wawe wengi kuliko bugali.

Maswali yenu

*Mama wa Keshero: Aksanti kwa somo. Paka wangu analia mlangoni saa nane za usiku anataka kutoka. Nimfungulie?*

Hapana, Mama. Upande wenu una mazuku, hewa ya sumu inayotoka ardhini. Ile hewa nzito inatuama mashimoni usiku na alfajiri, upepo ukitulia, na paka pua yake iko chini kuliko zetu. Omba unga wa mbao kwa seremala, uujaze kwenye beseni pana liwe choo chake, na paka umfungie ndani ya nyumba kabla ya giza.

*Kijana wa Ndosho: Jirani ananiambia nimpe jike vidonge vya uzazi vya wanawake. Ni kweli vinamnyamazisha?*

Vinaweza kumnyamazisha, mdogo wangu, kisha vikamletea usaha kwenye kizazi na uvimbe wa matiti. Weka hizo pesa upande wa operesheni.

*Papa wa Birere: Wangu ni wa kufukuza panya depo. Simpi chakula ili awinde, ila analia mpaka wateja wanalalamika.*

Papa, mpe chakula. Paka aliyeshiba anawinda vilevile. Kuwinda hakungoji njaa. Mwenye njaa ndiye ataacha depo yako aende kwa muuza samaki.

*Dada wa Himbi: Nimeletewa kitoto cha wiki tano. Nimekinyamazia kama ulivyosema, lakini kinalia mpaka sauti inakauka.*

Huyo usimnyamazie, dada. Hatua ya 4 ni ya wakubwa. Kama mama yake bado yupo, mrudishe mpaka atimize wiki 8 au zaidi. Kama hayupo, jaza chupa maji ya vuguvugu, izungushie kitambaa, mlaze karibu nayo, na umlishe kidogo-kidogo mara nne au tano kwa siku: samaki au kuku aliyesagwa laini. Maziwa ya ng'ombe yatamharisha. Akikataa kula nusu siku, umpeleke kwa veterineri.