Somo la gitaa: Mkono wa kushoto kuanzia freti ya 9 (freti ni nafasi kati ya vyuma vya shingoni) kwenda juu, upande wa sanduku

Ukikwama huku juu, usilaumu vidole. Angalia gumba kwanza. Gumba likibaki nyuma ya freti ya 5 huku vidole vinaitafuta ya 12, kifundo cha mkono kinapinda, nguvu inapotea na uzi unakwaruza badala ya kulia.

Jambo la pili ni nafasi. Kwenye gitaa lenye uzi wa sentimita 65, freti ya 1 ina upana wa karibu sentimita 3.6, ya 12 ina 1.9 tu. Basi vidole vikusanywe, visitanuliwe kama kule chini.

Hatua ya 1. Kaa, legeza bega la kushoto. Kadiri unavyopanda, bega lishuke kidogo na kiwiko kije mbele.

Hatua ya 2. Gumba liende pamoja na mkono. Shingo ikikutana na sanduku (freti ya 12 kwa magitaa mengi ya nailoni, ya 14 kwa mengi ya chuma), lisogeze ubavuni mwa shingo. Kulibana nyuma hapo ni kujiumiza bure.

Hatua ya 3. Uzi wa kwanza (mwembamba kuliko wote): freti 5, 7, 8 kwa kidole cha shahada, cha pete na cha mwisho. Hama, halafu 10, 12, 13 kwa vidole vilevile. Shahada inasafiri sentimita 12 hivi. Ilegeze ikiwa bado imegusa uzi, iteleze, ndipo ubonyeze. Ukiinyanyua juu hewani utapotea njia. Macho yatangulie kwenye freti ya 10 kabla ya mkono.

Metronomu (kifaa cha kuhesabu mapigo) iwe 60 kwa dakika, noti moja kwa pigo. Mara 10 safi mfululizo, ongeza 4. Ukikosea, rudi ulikotoka.

Bonyeza karibu kabisa na chuma cha freti, upande wa kichwa cha gitaa. Ukibonyeza katikati utahitaji nguvu zaidi.

MASWALI

Mwanachama, Wete: Assalamu alaykum mwalimu. Freti ya 12 yangu inalia juu kuliko inavyotakiwa, hata nikibonyeza taratibu.

Jibu: Waalaykum salaam. Gusa uzi juu ya chuma cha 12 bila kubonyeza, upige, uachie. Kisha bonyeza hapohapo, ulinganishe. Ikiwa ya kubonyeza iko juu, badilisha nyuzi kwanza, maana hewa ya chumvi inazila. Ikiendelea, pima nafasi chini ya uzi wa sita kwenye freti ya 12: nailoni kama milimita 4, chuma kama 2.5. Ikizidi sana, mpelekee fundi.

Mwanachama, Mjini: Shukran. Je, Rasti ya taarabu (ngazi ya noti ya Kiarabu) inapigika huku juu?

Jibu: Noti ya tatu ya Rasti iko katikati ya freti mbili, gitaa halina. Ukianzia Do, tumia uzi wa kwanza wa chuma: bonyeza freti ya 11, usukume uzi kidogo kuelekea wa pili hadi sauti ifike nusu ya njia kwenda ile ya freti ya 12. Sukuma kwa kidole cha pete; cha shahada na cha kati vikisaidie kwa nyuma. Sikiliza ala ya udi ulinganishe.