Kuchora uso kwa njia ya Rembrandt ukiwa Moshi au Arusha

Kabla ya kununua hata tyubu moja ya rangi, tafuta dirisha. Rembrandt van Rijn, mchoraji wa Uholanzi aliyezaliwa Leiden mwaka 1606 na kufariki Amsterdam mwaka 1669, anajulikana kwa giza lake, lakini giza hilo linatokana na mwanga mmoja tu unaoingia kutoka upande mmoja. Wachoraji wa Ulaya huchagua dirisha la kaskazini kwa kuwa kwao jua halipigi upande huo. Ukilifuata hilo Moshi mwezi Juni, jua litaingia mpaka mezani. Hapa tuko nyuzi 3 na kidogo kusini mwa ikweta, na jua linahama: kuanzia katikati ya Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba linapita upande wa mlima, yaani kaskazini. Miezi hiyo tumia dirisha linaloupa mlima mgongo. Miezi iliyobaki geuza, tumia linalotazama Kilimanjaro, au Meru kama uko Arusha. Saa 4 asubuhi hadi saa 8 mchana zinatosha. Mawingu ya Juni na Julai ni mazuri mno kwa kazi hii, maana mwanga hautikisiki.

Ziba nusu ya chini ya dirisha kwa boksi, ili mwanga ushuke kutoka juu kwa mshazari. Mketishe mtu wako kama mita moja na nusu kutoka dirishani, umgeuze taratibu mpaka upande wa kivuli ubaki na pembetatu ndogo ya mwanga chini ya jicho. Ukuta mweupe ulio upande wa kivuli utarudisha mwanga na kuua kivuli chote. Tundika kitambaa cheusi. Shuka nyekundu ya Kimasai isikae karibu, itapaka shavu wekundu ambao haupo. Kama anayekaa ni bibi au babu, mpumzishe kila baada ya dakika 20, na kabla hajainuka weka alama za chaki kwenye miguu ya kiti.

Kuhusu kitambaa, amerikani nzito inafaa. Iloweke usiku kucha ili itoe wanga na kusinyaa, kisha ikauke. Kwa picha ya sentimita 30 kwa 40, kata 40 kwa 50. Mwambie seremala achonge ukingo wa ndani wa fremu kwa mshazari. Usipochongwa, mbao itaacha mstari unaoonekana mbele. Anza kupigilia katikati ya kila upande ukielekea pembeni. Paka gundi nyeupe ya mbao, sehemu 1 kwa 2 za maji, mara mbili. Bila gundi, mafuta ya rangi yatakula nyuzi. Kisha praima ya akriliki mara tatu, ukipiga msasa namba 220 kila inapokauka. Kwenye tabaka la mwisho tia kahawia hadi ifanane na chai ya maziwa, kwani ukianza juu ya nyeupe tupu kila kivuli kitaonekana cheusi kuliko kilivyo.

Hapa watu wengi hukosea dukani. Ukiomba “rangi ya mafuta” kwenye duka la vifaa vya ujenzi, utapewa ile ya milango, ya kung’aa, ambayo ndiyo wachoraji wa Tingatinga wanaitumia. Ni nzuri kwa kazi yao, lakini kwa hii haifai, kwa sababu inakauka upesi na uso wake unateleza hata tabaka la juu halishiki. Unachotaka ni rangi za mafuta za tyubu, za wachoraji. Tano zinatosha: nyeupe ya titani, njano ya udongo, nyekundu ya udongo, kahawia iliyochomwa na nyeusi ya mfupa. Rembrandt alitumia nyeupe ya risasi. Ina sumu, iache. Mafuta ya kuchanganyia ni ya linsidi, yaani ya mbegu za kitani. Ya alizeti ya jikoni hubaki yananata kwa majuma. Mafuta ya taa nayo huacha utelezi.

Siku ya kwanza chora kwa kahawia peke yake iliyolegezwa na tapentaini, bila mafuta ya ziada. Weka vivuli vyote, acha mwanga ubaki rangi ya kitambaa. Fumba macho nusu. Kama uso hautambuliki katika hali hiyo, rangi haitauokoa. Ikauke siku tatu, zaidi kukiwa na baridi. Kila tabaka linalofuata liwe na mafuta kidogo kuliko lililotangulia? Hapana, liwe na mafuta zaidi: la chini likiwa na mafuta mengi na la juu kidogo, la juu litawahi kukauka na kupasuka.

Ngozi yetu ina fundisho lake, na Rembrandt mwenyewe alilishughulikia. Picha yake ya Waafrika wawili, ya mwaka 1661, iko katika jumba la makumbusho la Mauritshuis mjini The Hague, Uholanzi, na itazame kwa makini kabla ya kuanza. Kwa rangi ya kati changanya kahawia sehemu 3, nyekundu 1, njano nusu. Unapopandisha mwanga, tangulia na njano. Ukikimbilia nyeupe, ngozi itapauka kama mguu usiopakwa mafuta. Ule mng’ao wa paji la uso na ncha ya pua si wa njano. Ni anga ya dirishani. Nyeupe na nyeusi kidogo hutoa kijivu kinachoonekana kama bluu, na hicho ndicho chake. Weka mguso mmoja, toa mkono.

Vivuli viwe vyembamba, mwanga uwe mnene hata ushikike kwa kidole ukikauka. Nywele usizichore moja moja. Geuza brashi, kwaruza rangi mbichi kwa mpini, kama alivyofanya Rembrandt kwenye picha yake ya ujana ya mwaka 1628 hivi, yenye sentimita 22.6 kwa 18.7 tu.

Vumbi ndilo adui mkubwa: egemeza picha ukutani ikitazama chini kidogo. Usiifungie kabatini, gizani mafuta hugeuka manjano. Vitambaa vyenye linsidi vikirundikwa hupata joto na vinaweza kuwaka vyenyewe. Vitie kwenye kopo la maji siku hiyohiyo. Vanishi isubiri miezi 6, na penye rangi nene jaribu kwanza kwa ukucha: rangi ikibonyea, bado.