Jinsi ya Kuiga Foleni ya Kituo cha Afya kwa Kompyuta

Msimamizi wa kituo cha afya anapolalamikiwa kwamba wagonjwa wanashinda kwenye benchi, jibu lililo karibu ni kuomba tabibu wa pili. Huenda ombi hilo ni la haki, lakini kabla ya kuliandika inafaa kuijua foleni yenyewe inatoka wapi. Uigaji kwa kompyuta humwezesha kujaribu mabadiliko katika kituo cha kubuni, kwa mamia ya siku za kubuni, bila mgonjwa hata mmoja kusumbuliwa. Hapa tuchukue kwa mfano kituo kilichoko kisiwani Pate, Lamu, nchini Kenya, chenye dirisha la usajili, muuguzi anayepima presha na joto, tabibu mmoja, maabara na dirisha la dawa.

Swali liandikwe kwanza, nalo liwe swali linaloweza kujibiwa kwa namba. "Tuboreshe huduma" haliigiki. "Akina mama wa kliniki ya watoto wakipewa miadi ya alasiri, je, wagonjwa tisa kati ya kumi watamwona tabibu ndani ya saa moja?" linaigika.

Kisha ichorwe njia ya mgonjwa tangu mlangoni hadi anapotoka na dawa. Wengi huchora mstari ulionyooka na kusahau kwamba aliyepelekwa maabara hurudi kwa tabibu na majibu yake, na mara nyingi huingia moja kwa moja mbele ya waliokuwa wakingoja. Kila mgonjwa wa namna hiyo humkalia tabibu mara mbili, na modeli isiyomhesabu mara mbili itaonyesha foleni fupi kuliko ilivyo.

Daftari la mahudhurio kwa kawaida huonyesha tarehe wala si saa, kwa hiyo takwimu hukusanywa upya. Mpe kila mgonjwa kadi yenye namba tu, bila jina wala ugonjwa, kwani Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Kila chumba kiandike saa ya kuanza na ya kumaliza kumhudumia: "Na. 14, mlangoni 3:10, presha 3:25 hadi 3:29, tabibu 4:20 hadi 4:26." Kadi hiyo moja inatenganisha kungoja na kuhudumiwa, na bila kuvitenganisha hivyo viwili hakuna cha kuiga.

Sehemu inayotaka uangalifu zaidi ni kuwasili. Mgonjwa atokaye visiwa jirani vya Ndau au Kiwayu huja kwa chombo cha baharini, chombo hungoja maji yajae, na maji kujaa huchelewa kwa takriban dakika 50 kila siku. Ukichukua wastani wa waliofika kila saa kwa mwezi mzima, kishindo cha leo saa tatu na cha kesho karibu saa nne huchanganyika na kusawazishwa, nawe utaiga kituo kitulivu ambacho hakijawahi kuwepo. Afadhali kuwatenga wanaokuja kwa miguu au kwa bodaboda, ambao wataingia mmojammoja, na wa vyombo, ambao modeli iwaingize kwa kikundi kwa kufuata jedwali la maji. Manahodha nao waulizwe, maana jedwali halijui ni nani anayesubiri abiria wajae.

Kwa foleni moja lahajedwali (kama Excel) linatosha: mgonjwa huanza kuhudumiwa pale alipofika au pale aliyemtangulia alipomaliza, kutegemea ni lipi lililokuja baadaye. Kwa kituo kizima, SimPy, maktaba ya bure ya lugha ya kompyuta ya Python, inafaa zaidi. Endesha siku mia kadhaa, kwa sababu siku moja ya namba nasibu, yaani za kubahatisha, haithibitishi lolote.

Kabla ya kuiamini modeli, ipime kwa kanuni aliyoithibitisha John Little mwaka 1961: wastani wa watu waliomo ndani ni sawa na wanaoingia kwa saa mara muda anaokaa kila mmoja. Wakiingia 12 kwa saa na kila mmoja akikaa saa moja na nusu, lazima wawemo 18. Halafu waonyeshwe wauguzi. Wakicheka, modeli ndiyo yenye kosa.

Sasa jaribu badiliko moja moja, ukianza na lililo rahisi. Tuseme wagonjwa tisa kwa saa wanafika kiholela, na tabibu hutumia wastani wa dakika 6 kwa kila mmoja, muda ukitofautiana sana kati yao. Ameshikwa asilimia 90 ya wakati wake, na kanuni za foleni hutoa wastani wa kungoja wa dakika 54. Akipunguziwa uandishi wa sekunde 40 tu kwa mgonjwa, ukafanywa na karani, kungoja hushuka hadi dakika 21 hivi. Kanuni hizo huchukulia foleni isiyokatika, na kituo hufungwa jioni, kwa hiyo modeli yako itatoa namba tofauti. Hata hivyo mwelekeo ni huohuo, na karani ni nafuu kuliko tabibu wa pili.

Badiliko lililoshinda lijaribiwe kituoni kwa kadi zilezile, kuanzia bamvua (maji yanapojaa na kupwa sana) hadi maji mafu (yanapojaa na kupwa kidogo) yapite. Matokeo yakiachana sana na ya modeli, rudia kwanza takwimu za kuwasili kwa vyombo, kisha muda wa maabara.