Kuomba ukadeti UPDF ukiwa bado chuoni: anza kabla tangazo halijatoka

Tangazo la kuandikisha makadeti wa UPDF, jeshi la Uganda, likitoka gazetini asubuhi, kufikia saa nne dukani kwangu hapana pa kukanyaga. Nina mashine mbili za fotokopi karibu na geti la chuo hapa Busitema, kwenye barabara ya Jinja kwenda Tororo, na kila mara mambo ni yale yale. Kijana wa mwaka wa tatu anaingia akihema, mkononi cheti cha S.6 (kidato cha sita) kilichokunjwa mara nne, picha hana, barua ya LC, yaani baraza la kijiji, hana, nyumbani kwao ni Kapchorwa, na kesho saa tatu ana mtihani. Ananiuliza, "Kaka, nitawahi?" Mara nyingi jibu ninalo lakini huwa namezea.

Nami niliwahi kuwa kijana huyo. Nilirudishwa kwenye meza ya makaratasi kabla hata sijavua viatu kukimbia, kwa sababu jina langu la pili lilikuwa na l moja kwenye cheti cha S.4 na l mbili kwenye kitambulisho cha taifa. Herufi moja. Miguu yangu ilikuwa tayari, faili halikuwa tayari. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza miezi sita kabla ya tangazo.

Hatua ya kwanza: jua unaomba mlango upi

Watu huchanganya kuruta na kadeti. Kuruta ni askari wa kawaida. Cheti cha S.4 humtosha, na mafunzo yake hufanyika Kaweweta, wilaya ya Nakaseke. Kadeti anaandaliwa kuwa afisa. Huyo huenda Uganda Military Academy kule Kabamba, pale pale ambapo Museveni na wenzake walishambulia ghala la silaha tarehe 6 Februari 1981, siku ambayo jeshi huiadhimisha hadi leo kwa jina la Kiswahili, Tarehe Sita. Akimaliza na kufuzu, hutunukiwa kamisheni na kuwa Luteni Usu.

Kwa kadeti, matangazo huwa yanataka S.6 yenye angalau principal pass mbili (ufaulu kamili katika masomo makuu mawili), au diploma, au digrii. Wahandisi, madaktari, wanasheria na watu wa kompyuta huitwa kwa taaluma zao, na wenye digrii huongezewa miaka kwenye ukomo wa umri. Chini ya miaka 18 sheria hairuhusu kabisa. Huwa wanataka pia mtu asiyeoa wala kuolewa, asiye na mtoto. Kama una mtoto, usimfiche kwa shangazi kijijini. Mwenyekiti wa LC1 anamjua, na ndiye atakayeandika barua yako.

Hatua ya pili: faili

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo watu wengi wanapoangukia.

Nunua faili ngumu, ya kufunga, isiyopitisha maji. Ndani yake weka kwanza karatasi zote zilizo na jina lako na uzipange mezani: matokeo ya P.7 (darasa la saba), S.4, S.6, cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha taifa, kitambulisho cha chuo. Soma jina herufi kwa herufi, kwa sauti, huku rafiki akifuata kwenye karatasi nyingine. Angalia mpangilio wa majina, angalia tarehe ya kuzaliwa. Ukiona tofauti, usijipe moyo kwamba hawataiona. Wataiona.

Tofauti ndogo ya tahajia au mpangilio wa majina huwa inaelezwa kwa hati ya kiapo inayofungwa mbele ya kamishna wa viapo. Wakili yeyote wa mjini atakuelekeza. Kosa lililo kwenye kitambulisho chenyewe hurekebishwa NIRA, mamlaka ya vitambulisho, kwenye ofisi yao ya wilaya. Hiyo ni safari ya wiki au miezi, kwa hiyo ianze wakati wa likizo. Kosa la tarehe ya kuzaliwa ndilo baya zaidi, kwa sababu jeshi linahesabu umri wako kwa siku. Na tafadhali usijipunguzie miaka. Karatasi ya P.7 itakuumbua.

Kama ulisoma S.4 au S.6 nje ya Uganda, na hapa mpakani wengi tumesomea Kenya, matokeo yako yanahitaji kulinganishwa kwanza na UNEB, baraza la mitihani la Uganda. Diploma au digrii ya nje hupelekwa NCHE, baraza la elimu ya juu.

Kisha barua za mapendekezo. Zinaanzia kwa mwenyekiti wa LC1 wa kijiji chako cha asili au unakojulikana, zinapanda hadi gombolola (kata) na wilaya, na huko utakutana na maafisa wa usalama wa ndani: GISO kwenye gombolola, DISO wilayani. Hawa wanataka kukujua. Mwanafunzi aliyekaa hosteli miaka mitatu bila kwenda nyumbani ni mgeni kijijini kwake. Kwa hiyo likizo ya Desemba, kabla ya kula nyama ya Krismasi, nenda ukamsalimie mwenyekiti. Kaa naye. Mwambie nia yako. Hudhuria mazishi yanayotokea, saidia kuchimba. Utakaporudi kuomba barua, ataiandika kwa moyo, siyo kwa kuuliza "wewe ni mtoto wa nani?" Barua yenyewe ichukue tangazo likishatoka ili tarehe iwe mpya, na hakikisha muhuri unasomeka. Muhuri uliofifia ni karatasi tupu.

Fotokopi toa seti tatu, si moja. Picha za pasipoti piga nane, mandhari meupe, uso wazi. Vyeti vya asili usivifunike kwa plastiki. Mtu anayekagua anataka kugusa karatasi. Na usimwachie mtu yeyote cheti cha asili bila kuandikishiana.

Hatua ya tatu: mwili, ukiwa na ratiba ya chuo

Sitakudanganya kwamba unaweza kusoma uhandisi na kufanya mazoezi kila siku kama mcheza ngumi. Siku nne kwa wiki zinatosha ukizishika. Hapa kwetu wanaofanikiwa huamka saa kumi na moja alfajiri, wakimbie kabla jua halijatoka, saa mbili wawe darasani. Mazoezi ya jioni huliwa na mijadala ya kikundi, umeme kukatika, na mpira wa Arsenal.

Wiki nne za mwanzo kimbia kilomita 3 polepole, kasi ya kuweza kuongea. Ongeza nusu kilomita kwa wiki mpaka ufike 8 bila kusimama. Usiruke hatua: anayetoka sifuri hadi kilomita 10 kwa wiki moja huishia na maumivu ya mfupa wa ugoko, na akija siku ya majaribio anachechemea. Siku mbili kati ya hizo nne fanya kazi ya mikono na tumbo: pushapu, kujivuta kwenye tawi la mwembe, kuchuchumaa na kuinuka. Gimu si lazima. Dumu la lita 20 likijaa maji ni kilo 20. Libebe kutoka bombani hadi ghorofa ya tatu ya hosteli mara tano, halafu uniambie kama unahitaji gimu. Ukifika wiki ya nane, kimbia siku moja ukiwa na viatu vizito ili miguu ijue.

Chakula cha mwanafunzi kinajulikana. Posho (ugali) na maharage si adui. Adui ni kushindia soda na rolex moja, chapati ya kuviringishia mayai, tangu asubuhi. Ongeza mukene (dagaa), karanga, mayai, na dodo (mchicha) sokoni ni bei ndogo. Maji kunywa siku nzima, siyo kuyabugia baada ya kukimbia.

Sasa jambo ambalo vijana hulipuuza: pimwa mapema. Uchunguzi wa daktari wa jeshi ni wa kweli, na usingoje uupate huko kama habari mpya. Nenda kituo cha afya ukapime macho, meno, presha, kifua, ngiri, VVU na homa ya ini aina ya B. Kama hujachanjwa homa ya ini, chanjo ni dozi tatu zinazochukua miezi sita, na hiyo ni sababu nyingine ya kuanza sasa. Pima pia selimundu. Waganda wengi, zaidi ya mmoja kati ya kumi, wamebeba kinasaba chake bila kuugua, na mtu wa namna hiyo akikimbizwa sana juani bila maji anaweza kuanguka vibaya. Ni afadhali ulijue hilo na uongee na daktari kuliko kulijulia njiani.

Kuna na Kiswahili. Wewe unayesoma hapa tayari uko mbele. Waganda wengi wa kizazi cha wazazi wetu waliikimbia lugha hii kwa sababu waliisikia kwanza kwa askari kwenye vizuizi vya barabarani. Sasa ni lugha rasmi ya pili ya nchi tangu marekebisho ya katiba ya 2005, na jeshini ndiyo lugha ya amri tangu enzi za KAR, jeshi la wakoloni Waingereza. Mwenzako wa Masaka atakuwa anajifunza "mguu sawa" na "nyuma geuka" huku anapiga kwata. Wewe utakuwa umebakiwa na kwata tu.

Hatua ya nne: masomo, uache au umalize?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na jibu langu halipendwi: ukiwa umebakiza mwaka mmoja au pungufu, na umri unakuruhusu, maliza. Ukienda na digrii unaingia kwa mlango wa taaluma yako. Ukienda na S.6 yako huku digrii imekatika katikati, faili linaonyesha mtu aliyeanza kitu asikimalize, na usaili utaanzia hapo.

Ukiwa mwaka wa kwanza au wa pili na umri unabana, hapo omba. Lakini usitoroke chuo. Andika barua kwa msajili wa masomo kupitia kwa mkuu wa idara, uombe kusimamisha masomo kwa mwaka, kile ambacho wanafunzi hukiita dead year. Ukikataliwa na jeshi, au ukiumia mafunzoni, kiti chako bado kipo. Nimeona wawili waliotoroka. Mmoja alirudi na kukuta ameondolewa kwenye orodha, ada ya mihula mitatu imeyeyuka, na baba yake hakumsemesha hadi Pasaka.

Umemaliza lakini hujapata transkripti? Omba chuoni barua ya kuthibitisha umemaliza na matokeo yaliyogongwa muhuri. Iombe wiki ile ile matokeo yanapobandikwa, kabla foleni haijaanza.

Hatua ya tano: tangazo limetoka

Lisome lote, kwenye gazeti lenyewe au kwenye kurasa rasmi za jeshi na za Wizara ya Ulinzi. Usisome picha ya WhatsApp iliyokatwa chini. Andika kwenye daftari: mwisho wa kupeleka, mahali pa kupeleka, umri, vyeti, siku ya eneo lako. Umri na masharti hubadilika kati ya tangazo na tangazo, kwa hiyo la mwaka jana lisikuongoze.

Siku hiyo hiyo mpigie mwenyekiti wa LC1, panda matatu. Barua ya maombi iandike kwa mkono wako, kwa Kiingereza, ukurasa mmoja: wewe ni nani, umesoma nini, unaomba kozi gani, orodha ya viambatisho, simu yako, saini. Nimezitolea fotokopi barua zenye aya nne za kumsifu Amiri Jeshi Mkuu. Hazisaidii. Sema ulisomea umwagiliaji na uliwahi kuongoza timu ya kutengeneza pampu. Hilo lina uzito.

Na pesa: hakuna ada ya kuandikishwa. Hakuna. Akikujia mtu na simu mbili akisema "mjomba wangu yuko Bombo, lete milioni mbili," yaani kambi kuu ya jeshi, hata kama ana buti za kijeshi miguuni, ondoka. Mnunuzi wa nafasi hana pa kushtaki.

Hatua ya sita: siku yenyewe

Lala mapema. Kula chakula ulichozoea, saa mbili kabla. Faili mkononi, chupa ya maji, viatu ulivyokwisha kuvikimbilia, si vipya. Usianze mbio kwa kasi ya kuonyesha. Wale wanaotangulia mita 400 za kwanza utawakuta wameinama kando ya njia. Kwenye usaili jibu kwa kifupi, tazama mbele, na usipojua sema "Sijui, afande." Utaulizwa kwa nini unataka jeshi. Ukisema ni kwa sababu ya mshahara hutakuwa umekosea sana, lakini uwe na jibu la pili.

Jina lako likitoka, kabla ya kupanda gari kwenda Kabamba, pita kwa msajili uchukue nakala ya barua ya kusimamisha masomo iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Moja ibaki kwenye faili, nyingine mpe mama aiweke sandukuni pamoja na hati ya shamba.